Msizi na msumeno

Ukitaka ubishi na watu wa misitu wa Muheza, Tanga, uliza swali moja tu: mti wa msizi uliojaa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ukatwe au uachwe?

Wanaotaka ukatwe wana sababu. Milima ya Usambara Mashariki, ilipo hifadhi hiyo, ina mimea na vyura wasioonekana kwingine duniani, na msizi si wa pale. Uliletwa zama za Wajerumani, walipokuwa na taasisi yao ya kilimo hapo Amani. Kiangazi hupukutisha majani, jua likaichoma ardhi iliyozoea kivuli na unyevu. Tangu miaka ya 1980 wanasayansi wameonya kwamba unaweza kutawala msitu. (Mgeni mwenyewe kwao ni Kagera na Uganda, yaani anavamia akiwa ndani ya nchi yake!)

Lakini hebu utazame unavyoota. Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, anameza tunda lililoiva likawa jeusi, anaruka kwa kishindo cha mbawa, anakwenda kuitema kokwa mbali. Ikiangukia chini ya miti ya asili, mitambara na minyasa iliyofungamana, mche unachomoza, unanyong'onyea, unakufa. Msizi hauwezi kukua kizani. Unangoja tundu la mwanga, na matundu ya Amani hayakutobolewa na ndege. Magogo yalivunwa kwa mashine hadi miaka ya 1980, njia za kuyaburuta zikaupasua msitu. Wakulima wa iliki nao walifyeka miche ya chini, ile ambayo ingerithi nafasi ya miti mikubwa. Tena maofisa wa misitu wenyewe walipanda msizi sehemu zilizovunwa, maana unakua haraka. Hifadhi ilipotangazwa 1997, mti ulikuwa umeshakaa. Leo tunaushtaki kwa kuingia mlango tuliouacha wazi.

Ndiyo maana sioni busara ya kuingia tena na misumeno. Angusha msizi mmoja mkubwa: unavunja miti midogo iliyo pembeni na kufungua tundu lilelile, huku kokwa za hondohondo zimeshatapakaa chini. Pembezoni na kando ya njia, miche ing'olewe kwa mkono ikiwa bado michanga, hapo sina ubishi. Ndani, kwanza inama utazame kilichoota chini ya msizi wenyewe. Ukikuta miche ya msambu, mti wa asili wa hapo, inapanda, weka panga alani.