Betri Yako Haikufa, Iliuawa

"Toa ya zamani, weka mpya, endelea na safari." Siku hizi maneno haya yamebandikwa kwenye masanduku ya betri za lithiamu, na kutoka hapo yamehamia midomoni mwa kila mjuzi wa mabasi yaliyogeuzwa nyumba. Mtu anauliza kwa adabu: betri zangu za nyumba, zile za taa na jokofu, si ya kuwashia injini, zimekwisha baada ya miaka miwili, ninunue zipi? Majibu yanamiminika. Chukua lithiamu ya ampea-saa 200. Chukua AGM, ile ya risasi iliyozibwa. Chukua kubwa kuliko uliyokuwa nayo. Hakuna hata mmoja anayeuliza marehemu alikufa kwa ugonjwa gani.

Jamani. Betri ya risasi yenye pleti nene, ile iliyotengenezwa kwa kazi ya polepole, ikitunzwa inafika miaka mitano au sita bila shida. Ikifa baada ya miwili, imeuawa. Na muuaji bado yumo humo humo garini, amefungwa skrubu ukutani, taa yake ya kijani inawaka kana kwamba hajui lolote. Ukimletea betri mpya, umemletea mlo mwingine.

Kuchunguza maiti hakuhitaji daktari. Kama ni betri za maji, fungua vifuniko. Maji yakiwa chini ya pleti kwenye seli zote, ama mwenye gari hakuwahi kuyaongeza, ama zilichemshwa na chaja iliyoshikilia volti ya juu saa nyingi bila kushuka. Maji yakiwa kamili lakini pleti zimeota utando wa kijivu cheupe kama chokaa, hizo zilikufa kwa njaa, yaani hazikuchajiwa hadi kujaa. Chovya haidromita, kile kipima uzito wa maji ya betri. Seli iliyojaa husoma karibu 1.265, zote zikigoma kwenye 1.200 hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, ni njaa hiyo hiyo. Seli moja ikiachana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, hiyo imekwisha na itawavuta wengine kaburini. Ubavu uliovimba ni joto. Usome mwili kabla ya kuuza chuma chakavu, maana ukishaupeleka umepeleka na ushahidi.

Njaa ndiyo muuaji mkuu, na ndiyo isiyosemwa, kwa sababu haitoi moshi. Chukua mita, washa injini, pima kwenye vichwa vya altaneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka: volti 13.9. Sasa tembea nayo hadi nyuma ya basi, pima kwenye vichwa vya betri za nyumba: 13.2. Zile volti 0.7 zimekwenda wapi? Zimepasha waya moto njiani. Waya wa milimita mraba 6, mita sita kwenda na mita sita kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.035, pitisha ampea 20 na hesabu inajifunga yenyewe. Weka wa milimita mraba 35 na upotevu unashuka hadi volti 0.12. Betri ya risasi inataka 14.4 au zaidi kidogo ili ishibe kweli. Kwa 13.2 inanusishwa harufu ya chakula tu.

Na hata waya ukiwa mnene kama kidole, bado kuna suala la saa. Asilimia 80 za mwanzo zinaingia mbio. Zile 20 za mwisho zinaingia kwa kubembelezwa, saa nne, tano, wakati mwingine sita, na chaja kubwa haiharakishi chochote kwa sababu betri yenyewe ndiyo inayokataa mkondo. Sasa hesabu siku ya kawaida ya gari la kuishi. Unaendesha saa mbili, unaegesha. Paneli za juu zinaanza kazi ya maana saa nne asubuhi, jokofu nalo liko hapo hapo linakula. Jua linazama betri ikiwa asilimia 85. Kesho 80. Keshokutwa mawingu. Kila siku ambayo haikujaa, sulfeti ya risasi iliyobaki kwenye pleti inazidi kugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena. Lebo bado inasema 200, ndani imebaki nusu, na mwenye gari anasema hizi betri za siku hizi ni feki.

Sawa, hapa ndipo lithiamu inapostahili sifa, ingawa si zile inazopewa na wauzaji. Mizunguko elfu kadhaa, ndiyo. Uzito mdogo, ndiyo. Lakini fadhila yake kubwa ni kwamba haijali kubaki nusu. Iache kwenye asilimia 60 wiki nzima, hainuni. Tena hiyo nusu ndiyo inayoifaa kuliko kujazwa hadi ukingoni na kuachwa kwenye joto mwezi mzima. Kwa mtu anayechaji kwa vipande vipande, leo saa mbili za barabara, kesho jua la kuazima, hiyo ndiyo sababu ya kununua lithiamu. Asiye na maisha hayo ana sababu ndogo sana.

Ila mgeni huyu anakula, na anakula bila haya. Betri ya risasi inapoanza kushiba inapunguza mkondo yenyewe. Lithiamu ya fosfeti ya chuma inavuta karibu hadi tone la mwisho. Ukiiunganisha moja kwa moja na altaneta kupitia rilei ile ile ya zamani, swichi inayounganisha betri hizo na altaneta injini ikiwaka, altaneta inabeba mzigo mzima kwa saa nzima, na mbaya zaidi gari likiwa limesimama, injini inazunguka polepole, feni ya altaneta nayo polepole, joto linapanda mpaka dayodi au koili zinaungua. Halafu kuna BMS, ile bodi inayolinda seli. Ikiona hatari inakata betri ghafla, na altaneta iliyokuwa ikisukuma ampea 80 inajikuta haina pa kuzipeleka. Volti zinaruka, na kinachokufa hapo kinaweza kuwa kompyuta ya injini. Hayo ndiyo "toa, weka, endelea".

Dawa yake ipo na haina miujiza: ng'oa rilei, weka chaja ya kati ya altaneta na betri za nyumba, ya ampea 30 au 40 kutegemea uwezo wa altaneta. Inapokea volti zozote zinazofika, inazipandisha, inatoa 14.2 hadi 14.4, na haivuti zaidi ya ilichopangiwa. Na kichekesho ni kwamba chaja hiyo hiyo, ikiwekewa mpangilio wa risasi, ingeziponya pia zile betri za zamani kabla hazijafa, maana inafuta ule upotevu wa waya. Kuna watu wamenunua betri seti tatu kukwepa kununua kifaa kimoja.

Chaja ya ukutani nayo ichunguzwe. Ikiwa inatoa 13.6 tu, lithiamu itaingia polepole na BMS haitapata nafasi ya kusawazisha seli, kwa kuwa kazi hiyo hufanyika volti zikiwa juu. Ikiwa ina tabia ya kujirusha yenyewe hadi 15.5 kwa ajili ya kusugua betri za maji, BMS itakata. Kile kihisi cha joto kinachopandisha volti wakati wa baridi kizimwe. Risasi inakihitaji, lithiamu haikitaki. Na kama gari linalala kwenye baridi chini ya nyuzi 0, betri lazima iwe na kinga ya kuzuia chaji kwenye ubaridi huo, la sivyo lithiamu inajibandika kama chuma ndani ya seli na uharibifu huo haurudi nyuma. Kutoa umeme kwenye baridi hakuna neno. Kuchaji ndiko mwiko.

Kuhusu ukubwa, acheni kulinganisha lebo na lebo. Ampea-saa 100 za risasi ni 50 za kutumia ukitaka idumu, na hizo 100 za lebo zimepimwa kwa kuvuta ampea 5 kwa saa 20. Vuta 50 kwa mpigo na zinapungua tena. Ampea-saa 100 za lithiamu ni 80 au 90 za kutumia ukitaka idumu. Betri mbili za volti 6 za magari ya gofu, ampea-saa 225, zikiungwa mfululizo zinakupa takriban 112 za kutumia, kwa kilo zisizopungua 56. Lithiamu moja ya 100 ina kilo 12 hivi. Ukiona iliyoandikwa 200 na ina kilo hizo hizo 12, hiyo ni hadithi, irudishe rafuni.

Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi, nayo ina neno lake. Ya wati 2000 ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta karibu ampea 175 kwenye mfumo wa volti 12. BMS ya betri moja kwa kawaida inaruhusu 100. Kwa hiyo birika linawashwa, giza. Betri si mbovu, ulinunua moja pale palipohitaji mbili.

AGM: njaa ile ile ya risasi, isipokuwa hii ukiichemsha hakuna pa kurudishia maji. Betri ya risasi ya jeli: chaji isipite takriban volti 14.2, na kama chaja yako haina mpangilio wake, iache. Betri ya kupigia starta iliyoandikwa "matumizi yote": pleti nyembamba, miezi michache, kwaheri. Kuchanganya mpya na kuukuu: usijaribu, kuukuu itaifundisha mpya tabia zake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna watu hawana haja na lolote kati ya haya. Gari linaloegeshwa kwenye soketi mwaka mzima na kutoka wikendi chache, chaja yake ikitoa 14.4 kisha kushuka 13.5, linatosheka na zile za gofu na chupa ya maji ya betri yaliyokenekwa. Zifungie kwenye sanduku lenye tundu la kutolea hewa nje, maana zinatoa haidrojeni. Nunueni na mlale.

Wenye mabasi makubwa ya volti 24, nawaomba jambo moja. Acheni kuchomoa volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili ili kuwasha redio na taa. Moja inashindishwa njaa, nyingine inalishwa hadi kuchemka, kisha mnasema mmeuziwa moja mbovu. Wekeni kifaa cha kushusha 24 kwenda 12, kivute kutoka zote mbili.

Zikiwa mbili au zaidi sambamba, waya chanya utoke kwenye betri ya mwanzo na hasi utoke kwenye ya mwisho, ili kila moja ibebe sehemu inayokaribia kuwa sawa. Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya, na kwa lithiamu iwe ya daraja T, aina inayoweza kukata mkondo mkubwa sana. Shoti ya lithiamu ni maelfu ya ampea, na fyuzi dhaifu inaweza kuyeyuka na bado ikapitisha moto kwa ndani.

Zikishafungwa, usizisifu bado. Zijaze, kisha washa mzigo wa ampea 10 unaoujua na uangalie saa. Usitegemee volti, kwa lithiamu zinakaa pale pale 13.1 au 13.2 karibu safari nzima. Weka shanti inayohesabu kinachoingia na kinachotoka. Ampea-saa 100 za lithiamu, zikitolewa zote, zinapaswa kudumu karibu saa kumi. Zikizimika saa ya saba, zing'oe leo, dhamana ikiwa bado mbichi.