Sayansi ya michezo bila biolojia?

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi nchini Kenya waliingia Gredi ya 10, kila mmoja akiwa ameshika njia moja kati ya tatu: sayansi, teknolojia na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na sayansi ya michezo. Hiyo ya tatu ndiyo iliyowakosesha wazazi wengi usingizi. "Nilipe karo mtoto akacheze mpira?"

Swali hilo huwaudhi walimu wa michezo, lakini lina asili yake. Kwa miaka mingi somo la P.E., yaani elimu ya viungo, lilikuwa kwenye ratiba bila kutahiniwa, na mitihani ilipokaribia kipindi chake kilichukuliwa na mwalimu wa hisabati. Tuliwazoesha watu kwamba uwanja ni mahali pa kupumzisha akili. Mzazi aliyekulia hapo hawezi kulaumiwa akihofia kwamba njia hii itakuwa ya kuwatupia wale walioshindwa na hesabu.

Kuna pingamizi lingine, zito zaidi. Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, Iten, bila ujuzi wowote wa ukocha. Mwanafunzi wa shule hiyo, Peter Rono, akatwaa dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki za Seoul mwaka 1988, na David Rudisha, aliyenolewa na O'Connell, akakimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 London mwaka 2012. Ikiwa tulifika huko bila somo hili, la nini leo?

Mimi naisoma habari hiyo kwa namna nyingine. O'Connell alitazama miguu, mapumziko na mazoezi ya vijana mwaka baada ya mwaka, akijaribu hili na kuacha lile. Hiyo ni sayansi, ila ilikaa kichwani mwa mtu mmoja, katika mji mmoja. Kijana wa Garissa au Kwale hakuipata.

Na pengo hilo linatugharimu. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi kama huko, figo hutoa homoni inayouambia mwili utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu. Homoni hiyo hiyo, ikitengenezwa maabara na kudungwa kwa sindano, ndiyo EPO iliyomfanya Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni wa Olimpiki za Rio 2016, afungiwe kushindana. Mwaka 2025 Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza kumaliza marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alifungiwa miaka 3 kwa dawa ya kutoa maji mwilini, ambayo hospitalini hupewa wagonjwa wa shinikizo la damu. Alieleza kwamba aliugua akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Maelezo hayo hayakumwokoa. Somo pekee halimzuii anayetaka kudanganya, lakini kijana anayeelewa kazi ya figo zake ni vigumu kulaghaiwa na mtu mwenye sindano, na hamezi kidonge asichokijua.

Hapo ndipo mpangilio wenyewe unaponikera. Michezo imewekwa pamoja na muziki na uigizaji. Biolojia na fizikia zimewekwa njia nyingine. Mbali na masomo ya lazima, mwanafunzi huchagua matatu tu. Wengi wa watakaoingia njia hii hawatavaa jezi ya taifa. Watahitaji kazi: kutibu misuli, kupanga lishe ya wachezaji, kufundisha. Anayetaka kuwa mtaalamu wa tiba ya viungo ataulizwa alama za biolojia, hata akionyesha medali za kaunti.

Kuhusu viwanja na vifaa sina haja ya kusema mengi; shule zisizo navyo zinajulikana.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza, namwambia asianze na swali la mpira. Aende shuleni aitazame ratiba: je, mwanafunzi mmoja anaweza kusoma michezo na biolojia pamoja? Akiambiwa ndiyo, na mwalimu wa michezo yupo, amwache mtoto aende kwa moyo mkunjufu. Akiambiwa vipindi vinagongana, achukue biolojia, na mbio akimbie jioni.