Mshawishi wa Kuogopwa Hapazi Sauti

Mwambie mtu aliyepita shuleni achambue mbinu za ushawishi katika maandishi, naye atakuchomolea takriri, chuku, tashtiti, vitisho, na jina la mtu mashuhuri lililochomekwa mahali. Hajakosea. Lakini kwa maoni yangu, orodha hiyo humsaidia kumnasa mwandishi goigoi tu. Anayeijua kazi yake huandika kwa upole, hukubali hoja za wapinzani wake, na hatumii alama ya mshangao hata moja.

Tabia ya kuorodhesha si ya leo. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisema msemaji hushawishi kwa njia tatu: haiba yake, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Mwaka 1937 ikaundwa taasisi huko New York, Institute for Propaganda Analysis, iliyotoa orodha ya mbinu saba: kumbandika mtu jina baya, kupamba jambo kwa maneno matamu yasiyoshikika, kuazima heshima ya kitu kingine, kutumia ushuhuda wa watu wanaoaminika, kujifanya mtu wa kawaida, kupanga ushahidi wa upande mmoja, na kudai kwamba wenzako wote wameshajiunga. Taasisi ilifungwa mwaka 1942, ila orodha yake bado inafundishwa.

Mimi huiogopa hasa ile ya sita, ya kupanga ushahidi wa upande mmoja. Hizo nyingine zote huacha alama kwenye ukurasa, unaweza kuzipigia mstari kwa kalamu. Ushahidi uliochaguliwa hauna cha kupigiwa mstari, kwa sababu kilichokusudiwa usikione hakipo.

Chukua tangazo lililotoka tarehe 4 Januari 1954 katika magazeti zaidi ya 400 ya Marekani, likiwa limetiwa saini na kampuni za tumbaku. Muda mfupi kabla yake, habari zilikuwa zimeenea za majaribio ambamo panya waliopakwa lami ya moshi wa sigara kwenye ngozi walipata uvimbe wa saratani. Watu walianza kuingiwa na hofu. Ungetarajia kampuni hizo zije juu na kuwatukana watafiti. Wapi! Tangazo lilikiri kwamba majaribio yalifanywa na madaktari wenye hadhi. Likasema utafiti wowote wa maana haufai kupuuzwa hata kama haujafikia hitimisho. Likaahidi kwamba afya ya watu inatangulia mambo mengine yote ya biashara, na kwamba wenye viwanda watagharamia utafiti zaidi.

Katikati ya uungwana wote huo yakawekwa maneno machache: saratani ya mapafu inaweza kuwa na visababishi vingi, wataalamu hawajaafikiana, hakuna uthibitisho kwamba sigara ni kimojawapo, na takwimu zinazoihusisha sigara zingeweza kuhusishwa vilevile na mambo mengine mengi ya maisha ya kisasa.

Litafute kosa hapo kwa orodha ya shuleni uone utakavyotoka mikono mitupu. Hakuna chuku. Hofu haikuchochewa, ilitulizwa. Ushawishi wenyewe umekaa kwenye kipimo kilichobadilishwa kimyakimya: msomaji aliyekuja na swali "je, kuna hatari?" anaondoka akijiuliza "je, imethibitishwa?", na hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Kusema wataalamu hawajaafikiana nako kunaficha hesabu. Wangapi wako upande huu, wangapi ule? Wanabishania nini hasa? Hata ile sifa waliyopewa madaktari ilikuwa na kazi yake, maana mtu anayewasifu wapinzani wake huonekana mkweli, na ukishamwona mkweli humkagui tena. Mwaka 2006 jaji wa shirikisho nchini humo, Gladys Kessler, aliamua kwamba kampuni za sigara ziliuhadaa umma kwa miongo kadhaa. Zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita tangu tangazo lile.

Kiswahili nacho kina maficho yake, na sijui kwa nini hatuyasemi mara kwa mara. Kauli ya kutendwa angalau huacha mlango wazi: "fedha zimeibwa" unaweza kuiongezea "na fulani". Kauli ya kutendeka, pamoja na vitenzi vya maana kama yake, huufunga. "Fedha zimepotea", "makosa yametokea", "mkataba umevunjika": jaribu kuongeza "na fulani" hapo, sentensi inagoma. Mtenda hakufichwa tu. Sarufi yenyewe haina pa kumweka. Taarifa rasmi zimejaa sentensi za namna hii, tena kwa lugha sanifu isiyo na doa.

Namba nazo hazina usafi tunaozidhania. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1981, wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwapa watu mfano wa ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Mpango wa uhakika ulipoelezwa kwamba utaokoa watu 200, asilimia 72 waliuchagua badala ya ule wa kubahatisha. Kundi jingine liliambiwa mpango huohuo utaacha watu 400 wafe. Waliouchagua walikuwa asilimia 22. Hakuna aliyedanganywa, na hesabu ni ileile.

Najua kuna atakayesema basi tusiamini chochote. Huo ni uvivu uliovaa joho la hekima. Anayekataa kila maandishi hapimi zaidi ya anayekubali kila kitu, na daktari anayeandika kukusihi uache sigara naye anakushawishi; hana kosa kwa hilo. Ninachouliza ni kama mwandishi ameniachia njia ya kumkagua: ametaja nani alifanya nini, ametoa namba pamoja na jumla yake, ameeleza hoja ya mpinzani kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angeikubali. Nikikuta aya tulivu mno, huiandika upya kichwani kama ambavyo angeiandika mtu wa upande wa pili, akitumia ukweli uleule. Zikifanana, sawa. Zikitofautiana sana, nimepata pa kuchimba.

Halafu kuna jambo gumu zaidi. Nimechagua kampuni za sigara kwa makusudi, kwa kuwa hakuna msomaji atakayeinuka kuzitetea. Ni rahisi kuona mbinu za mtu tunayemchukia. Ukitaka kujipima kweli, chukua makala uliyoisambaza wiki hii huku ukisema "huyu kaandika ukweli mtupu", kisha utafute ndani yake ni nani hakupewa nafasi ya kujibu.