Petro Aliacha Nyavu Siku Zilipojaa

Simoni Petro alipomwambia Yesu, “Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu,” watu wa Igombe, Kayenze na Kirumba, huku kwetu Mwanza, hawahitaji mhubiri wa kuwafafanulia. Ziwa la Genesareti ni dogo, urefu wake kama kilomita 21 tu, na letu la Viktoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, lakini usiku wa hasara ni ule ule. Petroli imekwisha, betri za taa zimeshuka, wavuvi wamekula chakula cha tajiri mwenye mtumbwi, na asubuhi akina mama wenye ndoo wanachungulia ndani ya mtumbwi kisha wanaondoka bila hata kuuliza bei.

Ndiyo maana Luka sura ya 5 inapendwa sana huku kwetu. Tunaihubiri mpaka pale Simoni anaposhusha nyavu kwa neno la Yesu na vyombo viwili vinajaa samaki hata karibu kuzama, tunasema amina, tunapiga makofi, ibada inakwisha. Mimi naomba tusifunge Biblia mapema hivyo. Tufike mstari wa 11: “wakaacha vyote wakamfuata.”

Waliacha lini? Si baada ya ule usiku mtupu. Wangeacha siku ile, kila mtu pwani angesema ziwa limewashinda. Waliacha asubuhi ya mavuno makubwa kuliko yote waliyowahi kuyaona, samaki wakiwa bado wamo chomboni. Hapo ndipo naiona imani ya Petro, kuliko hata pale aliposhusha nyavu.

Sisi wengi tunamwachia Mungu kilichokwisha kutushinda. Biashara ikifa, tunamwachia Mungu. Uchumba ukivunjika, tunamwachia Mungu. Na kwa rehema zake hupokea hata hivyo vipande, wala sibezi machozi ya mtu aliyefika mwisho. Ila kitu ambacho bado kinalipa, bado kinatupa jina mtaani, hicho tunakikumbatia kwa mikono miwili na kumwomba Mungu akibariki tu.

Namfahamu mama mmoja wa jumuiya yetu, anaanika dagaa Igombe. Kazi hiyo haina raha: wingu likitanda upande wa Ukerewe ni mbio na turubai, maana dagaa wakilowa wanageuka chakula cha kuku, na bei ya chakula cha kuku kila mtu anaijua. Kwa dagaa hao alimsomesha kijana wake wa kwanza mpaka kidato cha sita. Kijana akafaulu vizuri, kisha akasema anataka upadre. Ndugu waliketi kikao. Wajomba walisema wazi kwamba mtoto wa kwanza hatolewi, ndiye wa kumpumzisha mama yake. Mama aliwasikiliza wote, akajibu kwa kifupi, “Nilimwomba kwa Mungu kabla sijamzaa. Leo nimkatalie?”

Hakujengewa nyumba na mtu yeyote baada ya hapo. Wingu likitanda, bado anakimbia na turubai. Kila likizo ikiisha anamfungia kijana dagaa waliokaangwa, na nikimwona namkumbuka Hana, aliyemwacha mwanawe Samweli hekaluni lakini kila mwaka akampelekea kanzu ndogo aliyomshonea mwenyewe. Kumtolea Mungu mtu unayempenda hakukuondolei mapenzi wala kazi. Huyu mama alitoa bila kumpa Mungu masharti, na hajarudi kudai.

Kwa hiyo linaniuma hili la sadaka ya kujimaliza jinsi linavyohubiriwa siku hizi. Mtu anaambiwa alete mtaji wote, alete ada ya mtoto, halafu asubiri kurudishiwa mara mbili kabla mwezi haujaisha. Hiyo ni kupatana bei na Mungu. Ibrahimu alipopanda Moria kumtoa mwanawe Isaka sadaka, hakuwa ameahidiwa Isaka wawili. Alijua tu aliyemwita ni nani, akamwambia mtoto, “Mungu atajipatia mwana-kondoo.”

Tena tutazame nani anayelipa. Marko, sura ya 1, anasema Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo mashuani “pamoja na watu wa mshahara.” Mzee hakuachwa avute nyavu peke yake. Na katika sura hiyo hiyo, Yesu aliyemtoa Simoni ziwani anaingia nyumbani kwa Simoni na kumponya mama mkwe wake aliyekuwa na homa. Anayetuita tuache vyote anaijua nyumba tunayoiacha. Lakini ada ikishafika madhabahuni na mtoto akarudishwa kutoka shule, aliyetoa sadaka ni mtoto, na yeye hakuulizwa. Ya Petro ilikuwa nyavu zake, jasho lake na umri wake uliobaki.

Ndugu zangu wachungaji na makatekista, endeleeni kutuhubiria kutoa, maana tunauhitaji ujumbe huo. Ila mkifika kwenye senti mbili za mjane, Marko 12, msianzie mstari wa 41. Anzieni wa 40, wanapotajwa waandishi “ambao hula nyumba za wajane.” Yesu alisema hilo kwanza, ndipo akaketi kuielekea sanduku la hazina.