Urefu peke yake haufanyi uwanja wa gofu uwe mgumu
Kuna mwandishi anayesema wachezaji wa gofu wa siku hizi wanapiga mbali mno, kwa hiyo dawa ni kurefusha viwanja. Sikubaliani naye hata kidogo. Shimo la 10 (yaani njia ya kumi, tangu pa kuanzia hadi kwenye tundu) katika uwanja wa Riviera, Los Angeles, alilolichora mbunifu wa viwanja George Thomas miaka ya 1920, lina yadi 315 hivi tu, la kumalizwa kwa mapigo manne, na hadi leo linawahangaisha mabingwa, kwa sababu linakulazimisha kuamua: ushambulie moja kwa moja au utulize mpira njiani. Grini yake, ule uwanda wa nyasi fupi wenye tundu, ni nyembamba, imekaa mshazari, mchanga mbele na nyuma. Ukituliza mpira kushoto kwa fimbo fupi, grini inakufungukia kwa urefu wake; ukiangukia kulia, unapiga kukata upana wake na mpira hauna pa kutulia. Huo ndio ugumu wa kweli! Ukirefusha tu, mwenye nguvu ndiye anayezidi kunufaika, na sisi wengine tunabaki kuvuta fimbo ile ile ndefu mara mbili mfululizo, bila kuviringisha mpira chini chini wala kuupinda na upepo. Wenzangu, ni shimo gani fupi liliwahi kuwafanya mrudishe fimbo mkobani na kuchukua nyingine?