Sikuiba Kadi, Nilikuwa Mjinga Tu

Jamani naomba dakika zenu kidogo kabla hamjaendelea kusambaza ile stetasi ya mwenzetu tunayemwita Redio, ile video anayosema nimeiba mchezoni. Najua mmeiona. Mpaka shangazi yangu wa Kasulu kaiona, na shangazi simu yake ina kioo kilichopasuka hata salio hawezi kusoma, ila hiyo video kaiona vizuri kabisa na kanipigia saa kumi na mbili asubuhi, "eti mwanangu umekamatwa hapo Mwanga, Kigoma, unaiba karata?"

Sikukamatwa naiba. Nilikuwa mjinga. Hivyo ni vitu viwili tofauti na naomba mvitofautishe, maana msiba wote huu umetokana na mtu kushindwa kutofautisha vitu viwili.

Kwa wageni: hapa Kigoma tuko wanne tunaocheza Magic: The Gathering. Ni mchezo wa kadi wa Marekani, ulitoka 1993, kaubuni jamaa wa hesabu anaitwa Richard Garfield. Kila mtu ana deki yake ya kadi 60 (deki ya kadi, sio ya kupiga na tambara), unaanza na uhai 20, mnatoleana viumbe na uchawi (unalipia kwa kulaza upande kadi za ardhi, kila ardhi na rangi yake) mpaka uhai wa mmoja uishe. Sasa kadi zenyewe huku mwisho wa reli utazipata wapi, kwa hiyo tunashusha picha, tunaprinti steshenari, tunakata na mkasi, tunazichomeka kwenye vimfuko vya plastiki pamoja na karata za kawaida ili zikakamae. Yaani nyuma ya kila zimwi langu kuna kopa au shupaza. Kuna mzee mmoja mstaafu wa reli huwa anakuja kutuangalia, miezi mitatu sasa anasubiri aone nani atacheza dume kama kwenye karata.

Deki yangu mimi ni ya bluu. Bluu ndio rangi ya kuzuia, mwenzio anatoa kitu chake kwa mbwembwe, wewe unasema hapana, kinaenda kaburini, yaani kwenye lundo la kadi zilizokwisha kazi. Siku nimeenda kuprinti dada wa steshenari ananiambia "kaka wino wa bluu umeisha, nikutolee nyeusi?" Deki nzima ya bluu, halafu wino ulioisha ni wa bluu. Mtu mwenye bibi anayemwombea angeelewa hapo hapo. Mimi nikauliza bei, rangi mia tano karatasi, nyeusi mia mbili, nikamwambia toa nyeusi dada yangu, kadi inasomwa, haitazamwi.

Redio alikuwa amesimama pembeni yangu. Shikeni hilo.

Sasa wiki ile kwenye grupu kukawa na ubishi kuhusu kadi za kuzuia, Redio akasema zote ni moja tu, kuzuia ni kuzuia. Nikaona huyu mtu anapotosha vijana. Nikajifungia chooni ili kelele za watoto zisiingie, nikarekodi voisi ya dakika sita na sekunde arobaini. Sita na arobaini! Nikaanza na Counterspell, nikasema huyu ndiye baba yao, yupo toka toleo la kwanza kabisa, unalipa bluu mbili unazuia chochote, hakuna maswali. Cancel ya 2006 kazi ni ile ile ila unaongeza ardhi moja, yaani soda ile ile ila umeinunulia stendi. Mana Leak ya 1998 haizuii moja kwa moja, inamwambia mwenzio lipa tatu upite, kwa hiyo mwanzoni mwa mechi ni ukuta, mwishoni mtu ana ardhi kumi anakulipa huku anakucheka. Force of Will ya 1996 unaweza kuitoa hata huna ardhi, unakatwa uhai mmoja na unaitoa kafara kadi yako nyingine ya bluu, ni kama kuweka simu rehani saa sita usiku, inauma lakini umepona.

Halafu nikafika kwa hawa mapacha. Essence Scatter na Negate. Bei yao ni moja, bluu moja na ardhi nyingine yoyote. Essence Scatter, ambayo ni Remove Soul ya 1994 iliyobadilishwa jina 2009, inazuia viumbe tu. Negate ya 2008 inazuia kila kitu isipokuwa viumbe. Na hapa nikatoa mfano, nawanukulia sauti yangu mwenyewe maana toka juzi nimeisikia mara nyingi kuliko adhana: "Wadogo zangu, chukulieni bandari yetu hapa. Kuna anayekagua abiria na kuna anayekagua mizigo. Essence Scatter ni abiria, Negate ni mizigo. Mtu asiyejua tofauti ya abiria na mzigo asicheze bluu, akacheze ludo."

Akacheze ludo. Nilisema hivyo, tena nikacheka kidogo mwishoni, kile kicheko cha wataalamu.

Jumamosi jioni sasa, Mwanga, barazani kwa mama mmoja anayeuza mawese. Mpinzani wangu dogo wa form two, tumemfundisha wiki tatu tu, ana deki ya kijani na kaka yake kamlipia rangi, kadi zinawaka kama kitenge kipya. Aliyeshindwa ananunua migebuka ya wote. Mimi nilifika nimeshinda tayari, kwa hiyo Counterspell mbili za mwanzo nikazimaliza kwa kuzuia vidudu vya bure bure, ili watu waone. Watu wenyewe ni mzee wa reli na mama wa mawese.

Saa moja kasoro umeme ukakata. Redio akajitolea kutumulika na simu yake. Nikasema moyoni jamaa kabadilika, ana utu siku hizi. Kumbe inarekodi.

Hali ilikuwa hivi. Mimi uhai 3. Mezani nina viumbe viwili, ukuta wa 0/4 na kandege ka 1/1 (namba ya kwanza ni nguvu ya kupiga, ya pili ni ya kustahimili kipigo). Dogo ana elfi wawili wa 1/1 (elfi, sio elfu mbili, ningekuwa nazo ningeprinti rangi). Mkononi nina kadi mbili na zote za kuzuia, moja Negate moja Essence Scatter, nyeusi tupu, kwenye mwanga wa tochi zilikuwa zinafanana kama picha za pasipoti za watu waliopigwa studio moja. Dogo akatoa Overrun. Hiyo kwa wasiojua viumbe vyake vyote vinaongezewa tatu tatu na kupewa ruhusa ya kukanyaga (kipigo kinachomzidi kiumbe aliyekinga kinakufikia wewe mwenyewe), yaani nilikuwa maiti. Nikachomoa kadi, paa! mezani, "Negate!", na kabla haijapoa nimeshaisukumia kaburini na wenzake. Dogo akasema "sawa bro" na akaiweka Overrun yake chini kwa adabu zote. Nikajisikia mtu.

Zamu yangu nikavuta ardhi, nikaiweka, nikapita. Mkononi nimebaki na kadi moja. Mimi najua ni Essence Scatter. Sikuiangalia. Ya nini kuiangalia, nilikuwa na kadi mbili, moja imeenda, hesabu ya chekechea.

Hapa naomba niende taratibu kwa sababu Redio kwenye stetasi kakata kipande.

Dogo akavuta kadi. Akaiangalia. Akaanza kulaza ardhi zake upande, kwa kidole kimoja, moja, mbili, tatu, tulia, nne, tano, sita. Akaweka mezani Colossal Dreadmaw, lidinosaria la 6/6 linalokanyaga, la kijani, mdomo wazi, meno unayahesabu. Mimi nikatabasamu. Nikaweka kikombe cha kahawa chini. Nikafuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja. Nikasimama. Nani alinituma nisimame? Mchezo wa kukaa ule. Mzee wa reli akavuta kiti chake nyuma kama mtu anayempisha mtoa hotuba. Nikainua ile kadi juu kama refa anayetoa nyekundu, mgongo wake kwangu, uso wake kwa dunia nzima, na kwa sauti ambayo mke wangu anasema aliisikia jikoni kwetu nikasema:

"Dogo, uchawi wako UMEZUIWA!"

Barabarani kulikuwa na mama anapita na beseni la dagaa kichwani. Akasimama. Akalitua beseni. Akamwangalia dogo, akaniangalia mimi, akasema kwa upole kabisa "mtoto mdogo hivyo jamani?"

Nikaishusha kadi, paa!, kahawa ikaruka. Nikabaki nimesimama mkono kiunoni nasubiri dogo aondoe mdudu wake. Haondoi. Anainama. Redio akasogeza tochi karibu, mtu wa msaada sana huyu. Dogo akaweka kidole kwenye kadi yangu akaanza kusoma kama yuko mbele ya mwalimu wa kiingereza, neno moja moja: "Counter... target... non..."

Wakuu, hiyo "non" sijawahi kuisikia inatamkwa taratibu vile. Ilinikaa kooni kama mwiba wa mgebuka. Akameza mate akamalizia, "...noncreature spell." Halafu akainua macho, bila dharau, hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, angenidharau ningempiga makofi tukaisha, akasema kwa heshima:

"Bro, hii si ya mizigo? Mimi nimeleta abiria."

Nikasema aah nimechanganya, basi inarudi mkononi. Na ndiyo sheria, ukitoa kadi pasipowezekana inarudi, ikarudi, sasa imerudi kufanya nini. Nikakaa. Nikadhani imeisha hapo. Ningekuwa naandika haya nacheka kama ingeisha hapo.

Dogo kanyamaza. Unaona kabisa akili inatembea. "Sasa bro... ile ya saa ile?" Na mkono wake ukaenda kwenye kaburi langu. Nikasema dogo acha, yaliyopita yamepita. Akaanza kufukua. Kadi ya kwanza ni Essence Scatter. Akaigeuzia kwenye tochi. Creature spell. Overrun sio kiumbe, Overrun ni mzigo kuliko mizigo yote iliyowahi kupita Kigoma. Kwa maana hiyo nilikuwa nimeshakufa zamu moja nyuma, nimekufa halali kabisa, na nikaendelea kukaa pale nakunywa kahawa.

"Kaiba!" Huyo Redio.

Mama wa mawese, ambaye nusu saa nzima hajui tunacheza nini, hilo neno akalielewa. Akachukua kopo lake la hela akalihamishia upande wa pili wa meza.

Nikafungua mdomo kujitetea na hapo ndipo nilipoona nimebanwa kote kote. Nikisema nilijua, mimi mwizi, nimemwibia mtoto wa shule. Nikisema sikujua, mimi ndiye mtu wa voisi ya dakika sita na sekunde arobaini. Nikachagua ujinga. Nikasema kwa sauti ndogo, "sikuzisoma, zinafanana, si unaona zimetoka nyeusi." Redio akajibu bila kupepesa, "kadi inasomwa, haitazamwi." Halafu akatulia, anatafuta kitu kwenye simu, tochi ikazimika, na gizani pale nikasikia kelele za bomba la choo changu, kisha sauti yangu, kwa spidi ya moja na nusu: "wadogo zangu, chukulieni bandari yetu hapa..." Mpaka mwisho. Mpaka kile kicheko. Mzee wa reli akaomba irudiwe.

Mengine mnayajua. Dinosaria akaja na elfi wake, nilipiga hesabu ukuta na ndege nikiwapanga vipi bado tatu zinapita, na uhai ulikuwa tatu. Nikanunua migebuka, nikaongezewa faini ya wizi, sahani ya pili kwa dogo, ameila yote. Yule mama wa dagaa jana kamtuma mtu kuniuliza kama naweza kwenda kuangalia nyumba ya mdogo wake kule Gungu, kuna vitu vinatembea juu ya bati usiku. Nimesema nitajibu.

Marekebisho ya stetasi ya Redio basi. Sikulia, ulikuwa moshi wa jiko la mama wa mawese. Sikukimbia, nilienda kuleta samaki na nilikuwa na haraka. Na hakuna kadi iliyotoka kwenye mkono wa shati, nilivaa singilendi, video mnayo, angalieni.

Leo asubuhi nimerudi steshenari, wino wa bluu umefika. Dada kaniprintia kimya kimya, hasemi kitu, midomo tu inamcheza cheza. Nimelipa mia tano mia tano bila kuuliza. Nilipofika nyumbani nimechukua maka peni, kwenye Negate zote nne nimeandika MIZIGO kwa herufi kubwa, na kwenye Essence Scatter nikaandika ABIRIA.

Redio, chaja yangu narudishiwa lini?