Filamu za Wakanada-Wafaransa wa Marekani: Kiingereza kinavuta wajukuu, lakini Kifaransa kina haki yake

Kati ya mwaka 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 walihama Kanada ya Kifaransa, hasa Quebec, kwenda Marekani. Wengi waliishia kwenye viwanda vya nguo vya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki: Lewiston (Maine), Manchester (New Hampshire), Lowell na Fall River (Massachusetts), Woonsocket (Rhode Island). Mashamba ya kando ya mto St. Lawrence yalikuwa yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi hayamtoshi mtu, madeni yamewakaba, na reli imeifupisha safari. Treni ya kampuni ya reli ya Grand Trunk ilipofika Lewiston mwaka 1874, familia nzima zilishuka na mizigo yao, na baada ya siku chache watoto wakubwa walikuwa tayari kwenye mashine.

Leo vitukuu wao hualikwa kwenye kumbi za parokia, maktaba na vyuo kutazama filamu za hali halisi juu ya historia hiyo. Karibu kila mara waandaaji hubishana jambo lilelile: filamu izungumze Kiingereza, au Kifaransa chenye manukuu chini ya skrini?

Hoja ya Kiingereza si ya kubezwa. Mwaka 1919 jimbo la Maine lilipitisha sheria iliyofanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia masomo ya kawaida shuleni, na sheria hiyo ilidumu hadi miaka ya 1960. Katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kundi la kibaguzi, ilipata wafuasi wengi jimboni humo, na waliolengwa zaidi walikuwa Wakatoliki, Wakanada-Wafaransa wakiwemo. Wazazi walioaibishwa kwa lugha yao waliamua watoto wao yasiwapate hayo, wakaacha kuzungumza nao Kifaransa nyumbani. Kitukuu wa watu hao, ambaye amebakiwa na sala mbili tatu na jina la mkate wa nyama wa Krismasi, hana kosa. Ukimwekea filamu asiyoielewa, hatarudi tena.

Hata hivyo, mimi niko upande wa Kifaransa. Mzee wa Lewiston, au wa Biddeford katika jimbo hilohilo la Maine, akihojiwa kwa Kiingereza hutoa taarifa. Akihojiwa kwa Kifaransa hutoa utani, kejeli kwa msimamizi wa kiwanda, na lafudhi yenyewe, ambayo ndiyo urithi unaodaiwa kuonyeshwa. Wazee hao walikemewa pande zote mbili, na Wamarekani wasemao Kiingereza kwa kusema Kifaransa, na walimu wa Kifaransa kwa kutosema kile cha Paris. Mhariri anayeandika manukuu ya Kifaransa "kilichosafishwa" anarudia kemeo lile. Maneno yaandikwe yalivyotamkwa. Tafsiri ya Kiingereza ndiyo iwe fasaha.

Tatizo ni kwamba filamu nzuri ya Kifaransa mara nyingi huharibikia ukumbini. Sakafu ya chini ya kanisa haina mteremko, kwa hiyo vichwa vya safu za mbele huziba mistari ya chini. Ukingo wa chini wa skrini ukae angalau mita 1.3 kutoka sakafuni, na viti vipishane. Manukuu yasizidi mistari miwili yenye herufi 42 kila mmoja. Kasi ya herufi 17 kwa sekunde huwatosha vijana. Ukumbi wa wenye miaka 75 unahitaji 12 hivi. Faili la manukuu likihifadhiwa bila UTF-8 (mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi), kila é hugeuka alama za ajabu. Na likiwa limepangiwa nakala ya fremu 24 kwa sekunde kisha likachezwa na nakala iliyoharakishwa hadi 25, baada ya saa moja limeachana na sauti kwa takriban dakika mbili na nusu. Ijaribuni filamu nzima siku moja kabla, mkitumia kompyuta ileile na projekta ileile. (Na kununua DVD si kununua haki ya kuionyesha hadharani, hata kama hakuna kiingilio. Darasa la shule lina msamaha wake kisheria; ukumbi wa parokia hauna.)

Linalonisumbua zaidi ni maudhui. Filamu nyingi za aina hii hutegemea picha za Lewis Hine, aliyepiga picha watoto wafanyakazi kuanzia 1908. Picha zake ziko Maktaba ya Bunge la Marekani, na maelezo yake hutaja mji, mwezi na mwaka. Bado utaona mtoto wa Winchendon, Massachusetts, akipachikwa kwenye simulizi ya Lewiston. Tena watoto hao huonyeshwa kama wahanga wa mwenye kiwanda pekee, wakati wako wazazi waliodanganya umri wa watoto kwa sababu mshahara wa baba haukutosha.

Mgogoro wa La Sentinelle, ulioitwa kwa jina la gazeti la waumini waliopinga, nao hurukwa. Woonsocket, kuanzia 1924, waumini walipinga fedha za parokia zao kupelekwa kwenye shule za jimbo la Kanisa zilizotumia Kiingereza. Walimshtaki mahakamani askofu wao, William Hickey, na mwaka 1928 viongozi wao wakatengwa na Kanisa. Vermont nako, sheria ya kuwafunga watu uzazi ya 1931 ilitanguliwa na utafiti uliowaweka familia za Wakanada-Wafaransa na Waabenaki miongoni mwa waliolengwa. Bunge la jimbo liliomba radhi mwaka 2021. Waandaaji husema wazee hawakuja kuumizwa siku ya sherehe. Nawaelewa, ila dakika kumi kati ya sitini si nyingi.

Baada ya filamu huja mjadala, na Lewiston una wageni wapya. Wasomali walianza kuhamia huko 2001. Mwaka uliofuata meya Laurier Raymond aliwaandikia barua ya wazi akiwataka wapunguze kasi ya kuja. Baadaye wakaja Wakongo na Warundi, wengi wanaozungumza Kifaransa pamoja na Kiswahili, katika mji ambao wazee wake walikosa wa kuzungumza naye Kifaransa. Kuwaalika ni jambo la busara. Kudai kwamba historia ni ileile siyo: familia ya Quebec ilipata kazi ndani ya siku chache, ilhali anayeomba hifadhi leo husubiri siku 150 baada ya kuwasilisha ombi kabla hajaruhusiwa hata kuomba kibali cha kazi. Msimamizi wa mjadala aitaje tofauti hiyo mwenyewe, mapema, kabla mtu wa safu ya tatu hajasimama kusema babu yake hakusaidiwa na yeyote.